Wifi Yangu na Redio ya Upepo

Mtaani kwetu pale Kilosa watu walikuwa na neno moja tu juu ya wifi yangu Tumwagile: anaringa. Walimwona asubuhi anafagia uwanja. Wakamwona baba yangu, yaani baba mkwe wake, anatoka kwenye nyumba yake upande wa pili wa uwanja huohuo. Wakamwona Tumwagile anatupa ufagio na kukimbilia ndani kama aliyeona nyoka, bila shikamoo wala nusu ya shikamoo. Kwetu mtoto anafundishwa shikamoo kabla hajajua kunawa mikono, kwa hiyo mwanamke mzima kumkimbia mkwewe ilikuwa habari ya kutosha foleni nzima ya bombani.

Mimi naitwa Magreti. Niliolewa Mikumi, nikaachika, nikarudi kwa baba na ulimi mkali kuliko ule nilioondoka nao. Nilikuta kaka yangu Petro ameshaoa. Watu husubiri mawifi wagombane, na sisi tuliwanyima raha hiyo, maana Tumwagile nilimpenda tangu wiki ya kwanza, aliponikuta nalia jikoni akanipa vitunguu nikate ili nipate kisingizio.

Sisi ni Wanyakyusa wa mkonge. Babu alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, na Tukuyu yenyewe aliijua kwa kwenda misibani tu. Lakini bibi, aliyemlea, alimfunza mila ya kwao jinsi ilivyo: mke wa mwanao hakutazami usoni, hakusemeshi, hataji jina lako, na wewe vilevile. Mkikutana njiani anakaa pembeni na kujifunika khanga mpaka upite. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, tena nzito. Wenzetu wengi wa huko, hasa wa kanisani, walikuwa wameshaanza kuilegeza. Baba, aliyezaliwa mbali, aliishika kwa mikono miwili, nadhani kwa sababu ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha mama yake. Na Tumwagile, aliyelelewa Kyela kwa desturi hiyohiyo, hakutaka mkwewe afikiri kwamba mji umemwondolea adabu.

Nilipojaribu kuwaeleza majirani walicheka. Wenyeji wa pale nao wana mila zao za ukwe, lakini hii ya kujificha kila siku katika uwanja mmoja waliiona kichekesho, na baba hakupenda kuchekwa. Akanikataza kuieleza tena. "Waache waseme," alisema. Aliyesemwa hakuwa yeye, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mama alishafariki, na Petro kazi yake ilikuwa reli, leo Kidete, kesho Morogoro. Mpeleka maneno nikawa mimi. Baba yuko barazani, Tumwagile yuko jikoni, ukuta wa udongo katikati, kila mmoja anamsikia mwenzake hata akikohoa. Baba anasema, "Magreti, mwambie huyo mtu mvua inakuja, aanue nguo." Kabla sijafungua mdomo, sauti ya jikoni inasema, "Wifi, mwambie nimesikia." Nami nimesimama katikati na mwiko mkononi, sina kazi yoyote ya maana duniani.

Mambo yangeendelea hivyo kama isingekuwa Land Rover. Kufikia mwaka wa tisini na tatu, shamba la mkonge ambalo baba alilitumikia udereva tangu ujana wake lilikuwa limekufa, na walipouza vyuma vyake, baba alichukua mafao yake yote akanunua gari lilelile alilokuwa akiliendesha. Lilikuwa kuukuu, la kijivu, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba ya katani. Petro alimwuliza kama yuko sawa. Baba akasema zama hizi ni za ruksa, kila mtu ananunua anachopenda, na yeye alipenda hilo.

Ruksa ilikuwa imeleta na mengine. Mitumba ilijaa sokoni, na biashara ya mazao ikawa ya yeyote mwenye gari na roho ngumu. Kule Lumuma, juu milimani, vitunguu vilirundikana kwa sababu njia ilikuwa mbaya mno. Aliyekwenda peke yake alinasa, akalala porini, na akarudi na vitunguu vilivyoota. Mzee Kondo, mwenye duka la jumla karibu na stesheni, ndiye aliyepata wazo la kwenda kwa msafara: magari manne pamoja, moja likizama mengine yalivute. Leo unaweza kuliona jambo dogo. Wakati ule kila dereva wa Kilosa alikuwa mfalme wa gari lake, na kumwambia amfuate mwenzake kulihitaji vikao.

Vikao vilifanyika uwanjani kwetu, kwa sababu baba alichaguliwa kuendesha gari la mbele. Katika tope hakuwa na mpinzani, na wote walilijua hilo. Aliwapanga wenzake kama watoto wa darasa la kwanza. Kila gari lije na jembe, sururu, mnyororo, mbao mbili ndefu na magunia ya kutia mchanga. Mtoni dereva ashuke kwanza, atembee na fimbo, apime maji kwa miguu yake mwenyewe. Kabla ya kuingia majini afungue mkanda wa feni, maana feni hurusha maji kwenye plagi na gari likazimika katikati. Kwenye mchanga apunguze upepo wa matairi. Na asitokee mtu wa kumpita mwenzake kwa ubishi.

"Na mwenye haraka?" aliuliza mmoja.

"Mwenye haraka apande treni," baba akasema, na watu wakacheka.

Sikuwa nimemwona baba na furaha ile tangu mama afariki. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, analala chini ya gari, tunaona miguu yake tu. Tumwagile alikuwa anachungulia miguu hiyo kupitia upenyo wa mlango na kutabasamu. "Wifi," aliniambia, "leo mzee anaimba."

Kisha zikaja redio. Karibu na Mikumi kulikuwa na kambi ya watengeneza barabara iliyofungwa, na vitu vyake vilipigwa mnada. Mzee Kondo alirudi kutoka huko na redio tatu za upepo, zile za kuitana kwa mbali, kubwa kama mabegi ya shule, maiki zake zimening'inia kwa waya uliojisokota. Moja ingefungwa gari la mbele, moja gari la nyuma, na ya tatu ingekaa nyumbani, ili msafara ukipatwa na shida mtu wa nyumbani atafute msaada. Akashughulikia kibali, akapata betri, akakumbuka kwamba hakuna anayejua kuzitumia. Ndipo mtu mmoja akamwambia: mke wa Petro, kabla hajaolewa, ndiye aliyekuwa akipokea redio ya hospitali kule Berega.

Mzee Kondo alikuja jioni, akamkuta Petro. Petro, ambaye hufurahia kila jambo kabla ya kulifikiri, akakubali papo hapo. Kesho yake waliweka redio sebuleni kwake, wakasimamisha mianzi miwili na kuvuta waya juu ya bati. Baba hakuwepo. Alikuwa Morogoro akitafuta springi.

Aliporudi, na springi zake begani, alisimama uwanjani akatazama juu. "Magreti, hiyo kamba ya nguo mbona iko juu hivyo?"

Nikamweleza. Akashusha springi polepole.

"Na atakayeongea humo ni nani?"

"Huyo mtu," nikasema.

Baba akakaa juu ya springi zake.

Tumwagile aliwafundisha madereva siku mbili, pale sebuleni. Mimi nilikuwa nampikia chai huku nikijivuna kana kwamba ni mimi niliyesoma. Alikuwa mpole siku zote, lakini mbele ya redio ile aligeuka mwalimu. Ukibonyeza kitufe unasikika, ukiachia unasikia, huwezi kufanya yote mawili. Bonyeza kwanza, vuta pumzi, ndipo useme. Sema kifupi. Ukimaliza sema ova. Majina ya watu hayatajwi, kila redio ina jina lake: gari la mbele ni Mbele, la nyuma ni Nyuma, na hapa ni Nyumbani.

Taabu kubwa ilikuwa salamu. Mwinshehe, kijana fundi ambaye angeendesha gari la nyuma la mzee Kondo, alishika maiki akaanza, "Shikamoo mama, habari za hapo, watoto hawajambo, na bwana je, kazi..." mpaka Tumwagile akamwambia betri imekwisha. Hakuwa tayari kuacha hata neno moja. Alisema hawezi kumwuliza mtu habari za tope kabla hajajua alivyoamka. Mwishowe walikubaliana shikamoo moja ya asubuhi itoshe siku nzima.

Baba hakuingia darasani. Aliketi nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, ananoa panga. Alilinoa siku zote mbili, panga likawa la kunyolea ndevu. Nami nilimwona Tumwagile akisogeza kiti chake karibu na dirisha lile, akapandisha sauti, na kila jambo akalirudia mara ya pili huku ameligeuzia dirisha kisogo. Madereva walidhani anawaona wazito wa kuelewa. Mimi nilijua anayefundishwa yuko nje.

Siku ya majaribio baba alilipeleka gari mpaka karibu na stesheni, Mwinshehe akalipeleka la mzee Kondo upande wa daraja. Tumwagile akashika maiki. Angeita Mbele, angekuwa amemwita mkwewe. Akawaza, kisha akasema, "Magari yote, magari yote, hapa Nyumbani. Anayenipata vizuri abonyeze kitufe mara moja. Anayenipata kwa shida abonyeze mara mbili. Ova."

Mwinshehe alijibu kwa mdomo, kwa maneno mengi. Halafu ukasikika mlio mwingine, mfupi: kwaa. Mara moja.

Tumwagile alinigeukia, macho yamejaa. "Wifi, amenijibu."

Nani aliwapangia lugha hiyo? Hakuna. Lakini tangu saa ile walikuwa na namna yao. Tumwagile anauliza magari yote, Mwinshehe anahutubia, na baba anabonyeza, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Magari yote yana mafuta? Kwaa. Kuna aliyepata pancha? Kwaa, kwaa. Baba alirudi jioni akiwa mtu mwingine, akaniambia chombo kile ni kizuri sana.

Mzee Kondo hakukiona kizuri. Yeye alisikia redio ya mbele haitoi sauti ya mtu, akaamuru Mwinshehe aifungue. Mwinshehe akaifungua maiki, akaipuliza, akaifunga. Kesho yake kwaa. Akaifungua tena, akabadilisha waya. Kwaa. Mara ya tatu aliifungua barazani kwetu, akamwambia baba, "Mzee, hii maiki haina ugonjwa. Hebu sema kitu." Baba akaichukua, akaitazama, akasema mafua yamemkaba koo. Na kweli alikohoa, tena kwa bidii.

Basi mzee Kondo akatoa neno lake. Jumamosi kungekuwa na safari ya majaribio, magari yote manne, kwa njia ya kijiji cha Ulaya hadi ng'ambo ya Mto Miyombo na kurudi. Redio ya mbele ikishindwa kuongea siku hiyo, mzee Yeremia, yaani baba, hatakwenda Lumuma. Kulikuwa na mtu wa Mikumi, Rafaeli, mwenye gari zima na koo zima, anayesubiri nafasi. "Sina ubaya na mzee," mzee Kondo aliniambia, "lakini siwezi kupeleka watu milimani nyuma ya gari bubu."

Nilitaka kumwambia ukweli. Baba alinitazama, nikaumeza.

Usiku ule nilipeleka maneno kuliko siku zote. Tumwagile alisema, "Wifi, mwambie baba naiacha kazi hii. Wamweke mtu mwingine hapa, yeye aende." Nilivuka uwanja. Baba akasema, "Mwambie asiache. Hakuna mwingine anayeijua. Wakipotea watu kule, nani atawasaidia? Nitakaa mimi. Nimeendesha vya kutosha." Nilivuka uwanja. Tumwagile akalia, akasema hawezi kuwa ndiye aliyemshusha mzee kwenye gari lake. Nilivuka uwanja tena. Baba alikuwa amezima taa. Nilisimama gizani nikiwa na hasira na wote wawili, na bibi kaburini, na huyo aliyebuni ukwe. Watu wawili wanapendana namna hii, na hawawezi kuambiana.

Nikajitolea kuwa mdomo. Tumwagile angeninong'oneza, mimi ningesema. Tulijaribu Ijumaa mbele ya mzee Kondo, na baba, kwa kuwa aliyekuwa anamsemesha ni binti yake, alijibu kwa sauti ya kutosha. Ila mimi nilibonyeza nikiwa nimeshaanza kusema, nikaachia kabla sijamaliza, baba akauliza "nini?", nikamwambia asinipigie kelele, akaniambia mimi ndiye napiga kelele, na tukagombana hewani mpaka Mwinshehe akaomba nafasi ya kupita. Mzee Kondo alininyang'anya maiki. Alisema afadhali bubu.

Jumamosi magari yakaondoka. Mzee Kondo hakupanda, alibaki sebuleni kwetu, amekaa kwenye kiti cha Petro, kofia magotini. Mimi nilikatazwa kugusa kitu. Saa ya kwanza ilipita vizuri. Tumwagile aliita magari yote, Mwinshehe akatangaza kila ng'ombe aliyemwona, na baba akabonyeza.

Karibu na mto mzee Kondo akasema, "Mama Lightness, sasa iite Mbele. Mbele peke yake. Nataka nimsikie."

Lightness ndiye binti mkubwa wa wifi yangu. Tumwagile alishika maiki, akairudisha mezani.

"Mwite."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi vipi?"

Mzee Kondo akasimama, akachukua ile maiki, akaikamata kwa mkono wake mzima. Ni mtu mwema, na huwa namsalimu kwa moyo wote, lakini siku hiyo alikuwa amelala vibaya na mali yake yote ilikuwa barabarani. Akiwa amekishika kitufe vilevile kwa kiganja, alimgeukia wifi yangu akasema yote. Kwamba alimwamini akakosea. Kwamba jana mzee alisikika, sasa redio inaharibikaje kila akiishika yeye. "Na nitegemee nini? Mwanamke hata mkwewe hamsalimii! Mtaa mzima unajua. Mzee wa watu anatoka nje asubuhi, unamkimbia kama mbwa. Mtu asiye na shikamoo nyumbani kwake ataniongozea msafara?"

Mimi nilikuwa nimeshasimama, na nilichotaka kumwambia hakiandikiki. Tumwagile alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye khanga. Ndipo nikaona kiganja cha mzee Kondo, bado kimekibana kitufe. Nikamwonyesha. Akatazama maiki, akaiachia kama imemchoma.

Redio ikavuma. Halafu ikaja sauti ambayo redio ile haikuwa imeitoa tangu asubuhi, nzito, ya taratibu.

"Mzee Kondo, hapa Mbele. Nimekusikia. Wote tumekusikia. Redio yangu ni nzima, tangu siku ya kwanza ni nzima. Nisiyesema ni mimi. Huyo ni mke wa mwanangu, na mila yetu ni kwamba mimi na yeye hatusemeshani. Hanikimbii kwa dharau. Ananiheshimu kuliko ninyi nyote mnavyoniheshimu. Anatukanwa kwa sababu yangu tangu aolewe, na mimi nilikaa kimya, nikiogopa mtanicheka. Sasa chekeni. Ova."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kondo alikaa, akavaa kofia, akaivua.

Redio ikavuma tena. "Nyumbani, Nyumbani, hapa Mbele. Mama Lightness. Unanipata? Ova."

Tumwagile alinitazama mimi, kama anavyofanya siku zote, nimjibie. Nikatikisa kichwa. Akaichukua maiki kutoka mezani. Akateremka kitini, akapiga magoti kwenye sementi, waya umevutika mpaka mwisho, akabonyeza, akavuta pumzi kama alivyowafundisha wenzake.

"Shikamoo, baba. Nakupata vizuri. Ova."

"Marahaba, mama. Marahaba. Nimeshapima maji, yanafika magotini. Mkanda wa feni nimefungua. Tunavuka. Ova."

"Vukeni salama, baba. Nasubiri sauti zenu mkifika ng'ambo. Ova."

Mzee Kondo aliomba msamaha mbele yangu, akaja kuuomba tena akiwa na mkewe na kilo mbili za sukari. Habari ilifika bombani kabla ya magari kurudi. Nilikwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji, ili tu nizione zile nyuso.

Lumuma walikwenda wiki iliyofuata, baba mbele. Walinasa mara nyingi, waliondoa mawe njiani, walikata miti, na gari moja lilivunjika springi. Asubuhi, mchana na jioni sauti ya baba iliingia sebuleni, na Tumwagile akampokea. Nilimwuliza baba baadaye ilikuwaje mila ya bibi ikavunjika kirahisi hivyo. Akakasirika. Alisema haijavunjika. Bibi alimkataza kumtazama mkwewe na kumsemesha nyumbani na njiani. Juu ya upepo hakumwambia kitu.

Walirudi magari yamelemewa na vitunguu, mtaa mzima umejaa uwanjani. Baba alishuka, amechoka, vumbi hadi kope. Tumwagile alikuwa mlangoni. Nikasema moyoni, leo. Mara nikaona khanga inapanda kichwani, mlango unafungwa. Na baba akageuza uso, akapita upande wake. Nilitamani kuwapiga wote wawili. Kazi yangu ya kuvuka uwanja ilikuwa imerudi palepale.

Jioni baba aliniambia anakwenda kuangalia betri. Akapanda kwenye gari lake, lililoegeshwa mbele ya nyumba yake, akafunga mlango kwa ile kamba. Sisi tulikuwa sebuleni kwa Petro tunachambua mchele. Redio, ambayo hakuna aliyekuwa ameizima, ikavuma.

"Nyumbani, hapa Mbele. Ova."

Tumwagile aliruka, mchele ukamwagika. Kupitia dirishani tuliliona gari, na ndani yake kichwa cha baba, kimegeuzwa upande wa barabara. Tungeweza kumrushia jiwe.

"Mbele, nakupata, baba. Kuna shida? Ova."

"Hakuna shida. Kule Lumuma tulikuwa tunajipikia. Chakula kibaya sana. Nikawa nakumbuka. Mama, tangu uje hapa nakula chakula chako kila siku, Magreti ananiletea, nakula, narudisha sahani. Sijawahi kukuambia asante. Sikuwa na namna. Sasa nakuambia. Asante, mwanangu. Ova."

Tumwagile alikuwa ameshapiga magoti kwenye mchele. Alifuta uso kwa khanga, akafuta tena, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mwenye nyumba.

"Karibu, baba. Nami sijawahi kukuuliza. Kesho nikupikie nini? Ova."

Tuliona kichwa cha baba kimeinama. Nafikiri hakuna aliyemwuliza swali hilo tangu tumzike mama.

"Ndizi," akasema. "Na maharage, lakini ziive mpaka zilainike. Na usimwambie Magreti, atasema nakusumbua. Ova."

Nilikuwa nimekaa hapohapo, kando ya redio. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda uani nikalie vizuri.